Programu Huria na Ofisi ya Usharika: Uaminifu, Kumbukumbu na Lugha Yetu

Utangulizi

Kwa muda mrefu ofisi ya usharika ilihitaji vitu vichache tu: kalamu, kitabu cha ubatizo, kitabu cha ndoa, daftari la sadaka na sanduku lenye kufuli. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo imehamia katika kompyuta. Orodha ya watoto wa kipaimara, taarifa ya mapato na matumizi, barua za uhamisho wa washarika, muhtasari wa vikao vya Baraza la Wazee, hata utaratibu wa ibada ya Jumapili, vyote huandikwa na kutunzwa humo. Badiliko hili limekuja kimya kimya, na kwa sababu hiyo hatukulitafakari kama tulivyoyatafakari mambo mengine yaliyoingia katika maisha ya Kanisa.

Makala hii inakusudia kueleza programu huria ni nini, zilitoka wapi, jinsi Kiswahili kilivyoingizwa ndani yake, na namna ambavyo usharika waweza kuhama kutoka programu za kibiashara bila kuvuruga kazi yake. Hoja yetu ni kwamba uchaguzi wa programu za ofisi hauhusu ufundi tu, wala fedha tu. Unahusu ni nani anayeshika ufunguo wa kumbukumbu za washarika, na kama sisi tumeupata ufunguo huo kwa njia ya haki.

1. Hali ilivyo

Tuchukue mfano wa Umwe, kata iliyo jirani na Ikwiriri wilayani Rufiji, upande wa kaskazini wa mto, karibu na barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Katika eneo kama hilo Wakristo ni wachache kati ya majirani Waislamu, na mapato ya mtaa ni madogo. Kompyuta ikipatikana, mara nyingi ni iliyokwisha kutumika: imetolewa na rafiki wa usharika, au imenunuliwa Dar es Salaam kwa bei nafuu. Hufika ikiwa imekwisha kuwekewa Windows na Microsoft Office, na si kawaida kwa mzee wa kanisa au mtunza hazina kuuliza kama programu hizo zina leseni. Zikiharibika, fundi huziweka upya kutoka katika flashi yake, kwa ujira mdogo.

Nakala za namna hii zina madhara matatu. Kwanza, aliyevunja ufunguo wa programu huweza kupachika ndani yake virusi, na mtumiaji hana njia rahisi ya kuligundua hilo. Pili, programu zilizopitwa na wakati huacha kurekebishwa na mwenye kuzitengeneza: Windows 10 pamoja na Office 2016 na 2019 zilifikia mwisho wa matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Tatu, mtindo wa kuuza umebadilika. Badala ya kununua programu mara moja, wateja wengi sasa hulipa kila mwezi au kila mwaka. Malipo yakikoma, mafaili yaweza kufunguliwa na kusomwa katika programu hiyo, lakini si kuhaririwa. Usharika ambao mapato yake hufuata msimu wa korosho na mavuno ya mpunga hauna hakika ya kulipa kila mwezi.

2. Amri ya saba na nakala zisizo na leseni

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa nchini Tanzania. Kwa hiyo kuzinakili bila ruhusa ni kosa, hata kama hakuna askari atakayekuja kukagua ofisi ya mchungaji.

Twajua majibu yanayotolewa. Wengine husema kwamba kampuni yenyewe ni tajiri mno na haitaumia. Wengine husema kwamba kunakili hakumwondolei mwenye mali kitu chake, kama kuiba mbuzi kunavyomwondolea mfugaji mbuzi wake. Hoja ya pili ina uzito fulani, nasi hatuipuuzi; ndiyo iliyowafanya watu wengi wenye dhamiri njema wajiulize kama maarifa yanapaswa kufungwa kabisa. Walakini haituhalalishii kutwaa kile ambacho mwenyewe amekikataza. Inatuongoza tu kutafuta watu walioamua kutoa kazi yao kwa masharti mengine.

Luther mwenyewe alilikabili jambo hili. Mwaka 1525 aliwalalamikia wachapaji waliojipatia kwa wizi sehemu ya mahubiri yake ambayo hayajakamilika, wakayachapa haraka na kwa makosa. Lalamiko lake halikuwa la kutaka fedha, kwa maana hakuwa akiishi kwa mauzo ya vitabu vyake. Aliona kwamba wizi uliharibu kazi yenyewe na kumpotosha msomaji. Tena, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, maelezo ya amri ya saba hayakomi kwenye kukataza. Yanadai pia tumsaidie jirani kuitunza na kuiendeleza mali yake. Mchungaji anayewafundisha watoto wa kipaimara amri hiyo kwa masomo yaliyochapwa kwa programu ya wizi amejiweka mahali pagumu. Habari njema ni kwamba hana sababu ya kubaki hapo.

3. Maana ya programu huria

Kila programu huandikwa kwanza na watu kwa lugha maalumu ya kompyuta. Maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Kampuni ya kibiashara kwa kawaida huuficha msimbo huo na kumpa mteja mashine iliyokwisha kufungwa. Mteja huitumia, lakini hawezi kuifungua ili aone inavyofanya kazi.

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kuandika upya programu zote za msingi za kompyuta ili ziwe mikononi mwa watumiaji. Kutokana na kazi hiyo yalitungwa masharti manne ya uhuru: kuitumia programu kwa kusudi lolote, kuuchunguza msimbo wake na kuubadilisha, kuigawa kwa wengine, na kuigawa hata baada ya kuirekebisha. Mwaka 1989 masharti haya yaliwekwa katika leseni iitwayo GPL, yenye kanuni muhimu: anayeigawa programu ya namna hiyo, hata akiwa ameiboresha, sharti awape wanaoipokea uhuru uleule alioupata yeye. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo uliokuja kuitwa Linux, ambao leo huendesha kompyuta kuu nyingi za intaneti na pia simu za Android.

Lugha yetu inatusaidia kuelewa jambo ambalo Kiingereza hulichanganya, kwa kuwa humo neno moja lina maana mbili. Sisi tunayo maneno mawili: bure na huria. Programu yaweza kutolewa bure na bado isiwe huria, kama vile zile zinazotolewa na kampuni ili kukusanya habari za mtumiaji. Vilevile programu huria yaweza kuuzwa, mradi mnunuzi apewe uhuru wake wote. Kwa usharika, bei ndogo ni faida, lakini uhuru ndio msingi. Wala tusidhani kwamba huria maana yake ni bila sheria. Leseni hizi zinasimama juu ya sheria ileile ya hakimiliki. Mwenye kazi ameamua tu kuitumia kwa kuruhusu badala ya kukataza.

Jambo hili si geni Rufiji. Takwimu ambazo zahanati na vituo vya afya hujaza katika vitabu vya MTUHA huingizwa katika mfumo wa DHIS2, ulioenezwa nchi nzima kufikia mwaka 2013. Mfumo huo ni programu huria, uliokuzwa kwa uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na wataalamu wa nchi za kusini, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ikiwa serikali yaweza kuziamini programu huria kwa hesabu za wagonjwa na watoto wanaozaliwa, yafaa nasi tuzichunguze kwa hesabu zetu za ubatizo na sadaka.

4. Njia ya Kiswahili ndani ya programu huria

Programu ya ofisi tunayoizungumzia ina asili Ujerumani. Kampuni iitwayo StarDivision, iliyoanzishwa na kijana Marco Börries, ilitengeneza StarOffice. Mwaka 1999 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliinunua, na mwaka 2000 ikaufungua msimbo wake kwa wote kwa jina la OpenOffice.org. Baada ya Oracle kuinunua Sun mwaka 2010, watengenezaji wengi walihofia hatima ya kazi yao. Mwaka huohuo waliunda taasisi yao, The Document Foundation, wakaendelea na msimbo uleule kwa jina la LibreOffice. Tukio hili latufundisha kitu. Kama programu hiyo ingekuwa ya kampuni peke yake, mabadiliko ya mmiliki yangeweza kuiua. Kwa kuwa ilikuwa huria, waliokuwa wakiitunza walitoka nayo.

Uhuru huo ndio uliofungua mlango kwa Kiswahili. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Idara ya Sayansi ya Kompyuta na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, walishirikiana na kampuni ndogo ya Sweden iitwayo IT+46, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Sweden, Sida, katika mradi ulioitwa Kilinux. Mwezi Desemba 2004 walitoa Jambo OpenOffice 1.1.3, programu ya kuandikia, ya lahajedwali na ya kuandaa mawasilisho, ikiwa na amri zake kwa Kiswahili. Hawakuhitaji idhini ya kampuni yoyote wala kungoja hadi soko la Kiswahili lionekane kuwa na faida. Leseni iliwaruhusu, nao wakafanya. Baadaye Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya programu zake.

Kazi ya watafsiri hao inafanana kwa namna fulani na kazi ambayo Kanisa limeifanya tangu Krapf alipoanza kutafsiri Maandiko Mombasa katika miaka ya 1840. Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri ambaye Biblia yake kamili ilitoka mwaka 1937, alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Wengine walimpinga, na Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 ilichukua njia tofauti. Mabishano ya aina hiyo yamerudi katika istilahi za kompyuta. Wapo wasemao tarakilishi, wapo wasemao ngamizi, na wengi wanasema kompyuta. Anayekumbuka historia ya tafsiri ya Biblia hatashangaa, wala hatadhani kwamba kazi imeshindikana kwa sababu watu wanabishana juu ya maneno.

Hata hivyo lazima tuseme ukweli. Jambo OpenOffice lenyewe limekwisha kupitwa na wakati, na mradi ukiisha fedha za wafadhili, watafsiri hutawanyika. Kiswahili kimo kati ya lugha zinazotafsiriwa katika LibreOffice, pamoja na kikagua tahajia chake, lakini tafsiri haijakamilika, na mtumiaji hukuta amri nyingine zikiwa bado kwa Kiingereza. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na mafundi peke yao. Linahitaji watu wanaokijua Kiswahili vizuri na wenye subira ya kupima maneno, na vyuo vyetu vya theolojia havikosi watu wa namna hiyo.

5. Kumbukumbu zitakazosomeka kesho

Cheti cha ubatizo cha leo chaweza kuulizwa baada ya miaka sitini. Mtu hukihitaji anapofunga ndoa mbali na kwao, au pengine anapotafuta ushahidi wa tarehe ya kuzaliwa. Kwa hiyo tunapochagua programu ya kutunzia rejista, swali la kwanza liwe kama kumbukumbu hizo zitasomeka wakati ambapo kampuni iliyoitengeneza programu haipo tena.

LibreOffice hutunza maandishi katika muundo uitwao OpenDocument, uliokubaliwa na shirika la viwango OASIS mwaka 2005 na kufanywa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300, mwaka 2006. Maelezo ya muundo huo yako wazi kwa yeyote. Faili lenye mwisho wa odt ni kama bahasha iliyofungwa. Ndani yake maneno yenyewe yamo katika faili la maandishi ya kawaida liitwalo content.xml. Hata programu zote za leo zikitoweka, fundi wa kesho ataweza kuifungua bahasha hiyo na kuyasoma majina.

Mafuriko ya mwaka 2024 katika wilaya za Rufiji na Kibiti yalitukumbusha kwamba karatasi huharibika, na kompyuta pia huharibika. Yafaa rejista iwe na nakala tatu: ya karatasi, iliyopigwa chapa na kutiwa sahihi, ya kompyuta ofisini, na ya tatu mahali pengine palipo juu na pakavu, kwa mfano katika ofisi ya jimbo. Nakala hiyo ya tatu ina maana ikiwa tu inaweza kufunguliwa huko bila kudaiwa leseni. Tena, kwa kuwa rejista zina habari za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu. Flashi yenye majina ya washarika isiachwe kwenye stesheneri wala isizungushwe mikononi mwa watu, na mafaili hayo yafungwe kwa neno la siri.

6. Namna ya kuhama

Wanaohama kwa pupa hurudi walikotoka. Jiji la Munich liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux na programu huria, na kufikia mwaka 2013 lilikuwa limehamisha kompyuta zipatazo 15,000. Lakini mwaka 2017 baraza lake liliamua kurudi Windows, baada ya malalamiko ya watumishi na mabadiliko ya uongozi wa kisiasa. Kwa upande mwingine, jimbo la Schleswig-Holstein lilitangaza mwaka 2024 kwamba litahamisha kompyuta zipatazo 30,000 kwenda LibreOffice. Mfano wa Munich unaonyesha kwamba programu kufanya kazi vizuri hakutoshi. Watumishi nao wanahitaji kuandaliwa na kusikilizwa. Kwa usharika tunapendekeza utaratibu ufuatao.

Kwanza, jambo lielezwe katika Baraza la Wazee, pamoja na sababu zake, ili karani asionekane amebuni usumbufu. Pili, LibreOffice iwekwe katika kompyuta ileile ya Windows, kabla ya kufikiria kubadili mfumo wote. Programu hizo mbili zaweza kukaa pamoja kwa miezi michache. Tatu, kazi mpya ziandikwe humo, huku za zamani zikihamishwa kidogo kidogo, kuanzia na rejista. Nne, kila faili lililohamishwa lisomwe na mtu wa pili, hasa hesabu, kwa kuwa makro na fomula chache zilizoandikwa kwa Excel huenda zisifanye kazi sawasawa. Tano, baada ya kuhakikisha, nakala zisizo na leseni ziondolewe. Hatua hii ya tano isisahauliwe, maana ndiyo inayotimiza kusudi la amri ya saba. Ikiwa Windows yenyewe haina leseni, hatua ifuatayo ni kuweka Linux, kwa msaada wa mtu aliyeizoea.

Yapo matatizo madogo yenye dawa inayojulikana. Barua yaweza kufunguka ikiwa na mistari iliyosogea. Mara nyingi sababu ni aina ya herufi. LibreOffice huja na Carlito badala ya Calibri, Caladea badala ya Cambria, na Liberation Serif badala ya Times New Roman, zote zikiwa na upana uleule. Barua iliyokamilika itumwe kama PDF, ambayo LibreOffice huitoa yenyewe. Na jimbo likitaka faili la kuhaririwa katika Word, laweza kutunzwa kwa muundo wa docx.

Kwa ndugu zetu wa delta ya Rufiji, ambako safari ni ya mashua na intaneti ni ya shida, kuna faida nyingine. Faili la kuwekea LibreOffice kwenye Windows lina ukubwa wa takriban megabaiti 350. Mtu mmoja aweza kulipakua Kibiti, akaliweka katika flashi, akalipeleka Nyamisati, na kutoka hapo likaenda na mashua hadi visiwani, likinakiliwa kwa mwinjilisti huyu na mwalimu yule, bila yeyote kuvunja sheria. Tendo lilelile ambalo kwa programu ya kibiashara ni wizi, hapa ni kumsaidia jirani kwa idhini ya mwenye kazi.

Hitimisho

Hatusemi kwamba kutumia programu ya kibiashara ni dhambi. Usharika uliolipia leseni na unaoweza kuendelea kulipia haujakosa neno. Tunasema tu kwamba ofisi nyingi hazikuchagua njia hiyo kwa haki, na kwamba ipo njia nyingine ambayo ni halali, inayotosha kwa kazi zetu za kila siku, na ambayo Kiswahili kimekwisha kuingia ndani yake kwa jasho la wasomi wetu wenyewe.

Njia hiyo nayo inadai kitu. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mchungaji anayehama leo ni mgeni katika nyumba iliyojengwa na wengine. Akiisha kuzoea, na amfundishe karani wa mtaa wa jirani, aripoti makosa anayoyakuta, na ikiwa ana kipawa cha lugha, akae na wenzake wamalizie amri zile ambazo bado ni za Kiingereza. Wanafunzi wa vyuo vyetu waweza kuanza muhula huu, kwa kuweka programu hiyo katika kompyuta zao na kuandika humo kazi zao za darasani, ili watakapopelekwa Umwe au Mbwera wafike wakiwa wanaijua.